Juu ya Neno Karaoke

Yafaa neno hili lielezwe, kwani sasa limekwisha kuingia katika starehe zetu za jioni. Asili yake ni Kijapani: kara ni tupu, na oke ni kifupi cha okesutora, yaani ile ile okestra ya bendi zetu, ila imepita njia nyingine. Daisuke Inoue alibuni mtambo wake mjini Kobe, mwaka 1971.

Mwenyeji wa Kwamkoro, karibu na Amani katika milima ya Usambara, aliyezoea majina ya mahali yaanzayo na kwa-, aweza kulikata neno hili na kudhani ka- ni kiambishi cha udogo. Lakini husemwa karaoke imeanza, wala si kameanza.

Maana ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Kwetu ala hupigwa na mtu huimba mwenyewe, akisoma maneno kiooni. Uganda husemwa karioki, umbo ambalo, yaelekea, limetokana na matamshi ya Kiingereza. Na huko wachezaji huchezesha midomo tu, sauti ikiwa imerekodiwa. Basi kilicho kitupu si okestra tena, ni kinywa. Naona watunga kamusi waliandike kwa maana mbili, wakitaja na nchi.