Mlio wa Breki Usipuuzwe

Wamiliki wa magari ya zamani katika wilaya za Handeni na Korogwe wanakumbushwa kutopuuza mlio wa breki. Mlio wa asubuhi unaokoma baada ya kukanyaga breki mara chache kwa kawaida hutokana na unyevu au kutu nyepesi juu ya diski. Mlio usiokoma huashiria vumbi au pedi zilizokwisha.

Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, nati zilegezwe, kisha liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi imara. Tairi likishatolewa, unene wa pedi upimwe. Ukiwa chini ya milimita 3, pedi zibadilishwe pande zote mbili, kulia na kushoto. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe, kwani pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Grisi isipakwe kamwe kwenye diski ili kunyamazisha mlio, breki hazitashika.

Kabla ya kuondoka, pedali ikanyagwe mpaka iwe ngumu. Ukisikika mkwaruzo wa chuma kwa chuma, aitwe fundi. Gari hilo lisithubutu kuteremka mlima kutoka Lushoto hadi Mombo.