Kilichojificha Nyuma ya Bampa

Septemba 1972 serikali ya Marekani iliwabana watengenezaji wa magari kwa sharti jipya. Kila gari dogo la modeli ya 1973 lilipaswa kugongeshwa ukutani kwa mbele, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, na kwa nyuma kwa kilomita 4, bila taa, mfumo wa mafuta wala vifaa vingine vya usalama kuharibika. Ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, lakini magari mengi ya wakati huo yasingeumudu.

Bampa la zamani, lile la chuma kilichong'arishwa kwa kromu, linasifiwa kuliko linavyostahili. Mara nyingi lilikuwa bati lililopindwa vizuri na kufungwa kwa bolti kwenye vishikizo vigumu. Gari likigusa nguzo, nguvu ya pigo ilipita humo na kufika kwenye chesisi, huku bampa lenyewe likirudi nyuma na kuvunja taa na grili. Uzuri wake ulikuwa mmoja: fundi bodi aliweza kulinyoosha kwa nyundo.

Sharti hilo jipya liliyafanya magari yaonekane kama yametoa midomo. Kampuni zilifunga mihimili mizito iliyochomoza mbele, mara nyingi ikishikiliwa na vifaa vinavyofanya kazi kama shokapu, vinavyobonyea na kurudi. Wakati huohuo plastiki ilikuwa inaingia. Pontiac GTO ya 1968 ilikuwa tayari na pua laini ya povu iliyojengwa juu ya fremu ya chuma, na Renault 5 ilipotoka Ufaransa mwaka 1972 ilikuwa na bampa la plastiki mbele na nyuma, kinga nzuri wakati wa kujibana kwenye maegesho ya Paris.

Halafu kukatokea jambo ambalo wenye magari wanalilipia hadi leo. Mwaka 1982 Marekani ililegeza sharti la mbele kutoka kilomita 8 hadi 4 kwa saa, kwa hoja kwamba mabampa mepesi yangepunguza gharama na mafuta. Nusu ya mwendo inasikika kama punguzo dogo. Sivyo. Nishati ya mgongano hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo bampa jipya lilidaiwa kumeza robo tu ya kile lilichokuwa likimeza kabla.

Matokeo yalionekana wazi mwaka 2007. IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani, iligongesha magari mapya ya ukubwa wa kati kwa mwendo mdogo, kisha ikagongesha pia Ford Escort ya 1981, iliyotengenezwa enzi za sharti kali. Escort hiyo kuukuu ilipata hasara ndogo sana ikilinganishwa na magari mapya.

Je, basi chuma kilishinda plastiki? Hapana. Kilichoshinda ni sharti lililodai kinga ya kweli. Gari la leo halina bampa la plastiki tupu, au halipaswi kuwa nalo. Ile sehemu iliyopakwa rangi ni kava tu. Nyuma yake hukaa povu gumu jepesi, kisha mhimili wa chuma au aluminiamu, na kwenye magari mengi vipo visanduku vya chuma vilivyotengenezwa vijikunje kabla pigo halijafika kwenye chesisi. Kava laini lina faida nyingine kubwa: linaumiza kidogo zaidi mguu wa mtembea kwa miguu.

Hatari ni kwamba kava hudanganya. Likigongwa hurudia umbo lake, likaonyesha mchubuko mdogo, kumbe mhimili umepinda na povu limepasuka. Kwenye foleni za Dar es Salaam na Nairobi, ambako magari mengi madogo yameagizwa yakiwa yametumika Japani, ajali za namna hii ni za kila siku. Fundi stadi hushona kava kwa joto, na herufi zilizopigwa chapa kwa ndani, kwa mfano PP, humwambia ni plastiki gani ya kuchomelea. Kazi hiyo inastahili heshima. Lakini kava likirudishwa bila povu, au juu ya mhimili ulionyooshwa kwa kukisia, mwenye gari amelipia sura tu, na pigo la pili litaenda moja kwa moja kwenye rejeta.

Vyuma vinene vinavyofungwa mbele havitibu tatizo hilo. Vinalinda taa dhidi ya mkwaruzo, lakini kwa kuwa havibonyei, hupeleka pigo kwenye chesisi, vinaweza kuvuruga muda wa mifuko ya hewa kufunguka, na humuumiza vibaya anayegongwa.

Anayenunua gari lililotumika, au anayelichukua kutoka gereji, ana haki ya kuomba kava lifunguliwe. Mara nyingi ni klipu na skrubu chache tu. Mhimili uwe na umbo sawa pande zote mbili, povu liwepo na lisiwe na nyufa, na visanduku vya kushoto na kulia viwe na urefu sawa.