Kwa baiskeli hadi Sabaki, mto unaotoka Nairobi

JAMII nyingi za mjini zinapofunga safari ya Malindi wakati wa likizo, ratiba huwa ni ile ile: asubuhi ufuoni, jioni ufuoni, picha mbili tatu kwenye mnara wa Vasco da Gama, kisha basi la kurudi nyumbani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kilomita chache tu kaskazini mwa mji huo, mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana unaingia baharini. Mto huo ni Sabaki. Na hakuna njia nzuri ya kuufahamu kuliko kuuendea kwa baiskeli, mkiongozwa na mwenyeji anayezijua njia zake.

Baiskeli si kitu kigeni huku pwani. Kabla ya pikipiki kuzagaa kila kona, baiskeli ndiyo iliyobeba madafu, mitungi ya maji, magunia ya makaa na hata abiria. Neno bodaboda lenyewe lilianza na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, katika miaka ya sitini. Kwa mtu anayetaka kuona nchi, chombo hiki kina faida mbili. Hakikimbii kama gari hata ukapitwa na mambo, wala hakijikokoti hata jua likakukuta katikati ya njia.

Hata Mreno aliongozwa

Mahali pazuri pa kuanzia ni pale mnarani, mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498. Kila mtoto wa shule amefundishwa hivyo. Ambalo halisisitizwi sana ni kwamba baharia huyo hakuijua njia ya kwenda India. Ni mfalme wa Malindi aliyempa rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut. Basi, ndugu msomaji, ukiambiwa ukodi kiongozi wa kukupeleka mtoni, usidhani unapotezewa fedha zako. Wakubwa kuliko wewe walimhitaji.

Kutoka hapo msafara hupita mitaa ya zamani ya Shela, penye msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya mnara, kisha huingia Barabara ya Lamu na kuelekea kaskazini. Mtapita Kibokoni, na jina hilo peke yake latosha kuwaambia watoto ni mnyama gani aliyezoeleka pande hizi. Maduka yanapungua, minazi na mashamba vinaongezeka, na hewa inabadilika. Baada ya muda si mrefu daraja la Sabaki linaonekana.

Hapo kila mtu ashuke, avuke akiikokota baiskeli yake. Malori na mabasi ya Lamu hupita hapa kwa kasi, na daraja si mahali pa kufanyia mashindano.

Mto uliopiganiwa

Simama kidogo utazame ng'ambo. Ardhi hiyo ya kaskazini, ambayo leo ni sehemu ya Magarini, ilimwagiwa damu. Wagiriama walikuwa wamevuka mto na kuanza kulima huko kwa sababu udongo ulikuwa na rutuba. Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Ilitaka kodi, na ilitaka vijana wao wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu. Mtu anayejilimia na kushiba hana haraka ya kwenda kuajiriwa.

Mwaka 1913 mama mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwaapisha watu wasitii amri hizo. Alikamatwa na kupelekwa mbali, Kisii. Mwezi wa Januari 1914 alitoroka, akashika njia ya kurudi kwao kwa miguu. Mwezi wa Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikaanza, na Wagiriama wakafukuzwa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Baadaye walirudi, na ndio mnaowaona leo wakipalilia mahindi kando ya mto. Sanamu ya Mekatilili ilisimamishwa katika bustani mjini Malindi mwaka 2010. Mwanafunzi aliyesoma habari zake kitabuni akisimama darajani hapa, ataelewa kilichokuwa kikigombaniwa: maji na udongo.

Mlangoni mwa mto

Kutoka darajani njia ya vumbi huwapeleka hadi upande wa bahari. Mchanga ukizidi, baiskeli husukumwa. Mbele kuna matuta makubwa ya mchanga, mikoko, na uwanda mpana wa tope ambapo maji matamu hukutana na maji ya chumvi. Hapa ndipo mahali pa ndege. Mlango wa Sabaki ni miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini. Kwa misimu yao utawaona heroe wa rangi ya waridi, mwari, na makundi ya shakwe waliofunika mchanga kama nguo iliyoanikwa. Wengine huruka kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi ya huko.

Viboko nao wapo. Usiku hutoka kula majani, na alfajiri hurudi majini. Ndiyo maana kiongozi mwenyeji ni wa lazima. Yeye anajua ni njia ipi wanyama hao huipita na ni saa ngapi. Mwenye akili haendi kuoga mtoni hapa hata joto limzidi vipi, kwani mamba pia wamo.

Rangi ya maji inatuhusu

Jambo ambalo kila mgeni huuliza ni rangi ya mto. Mbona maji ni mekundu kama chai ya maziwa? Jibu linaanzia mbali sana na Malindi. Sabaki ni jina la mwisho tu la mto wenye majina matatu. Huanza kama Athi karibu na Nairobi. Hupita kandokando ya uwanda wa Yatta, hukutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Na mto Nairobi, ule unaokatiza mjini ukipokea maji machafu ya mitaa na viwanda, humwaga maji yake ndani ya Athi.

Kwa hiyo mfuko wa plastiki uliotupwa mtaroni Nairobi una njia ya kufika baharini Malindi. Udongo unaoporomoka kwenye mashamba yasiyo na matuta huko Ukambani nao hufika. Nyakati za kaskazi mkondo wa bahari husukuma tope hilo kusini, upande wa mji, na bahari ya Malindi hugeuka kahawia. Wakati wa kusi huelekea upande wa Mambrui. Mchanga nao umeupanua ufuo wa Malindi hata baadhi ya hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji zikajikuta mbali nayo. Aidha, matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, yanahitaji mwanga. Tope likizidi, hukosa mwanga na kufa, na samaki wanaoyategemea huhama.

Na si samaki peke yao. Huko juu kidogo, Baricho, visima vilivyochimbwa kando ya mto huu ndivyo vinavyotoa maji ya mifereji ya Malindi, Kilifi na sehemu kubwa ya Mombasa. Mama anayekinga ndoo Kisauni na mtoto anayetupa takataka mtoni Nairobi wanaunganishwa na mto mmoja, ingawa hawatakutana maishani. Mvua kubwa zikinyesha bara, kama mwaka 2018 na 2023, ni vijiji vya kando ya Sabaki vinavyofurika.

Kabla ya kupanda baiskeli

Kwa jamii itakayopenda kujaribu matembezi haya, yafaa kuzingatia haya machache.

Patana bei mapema, na uulize kama kodi ya baiskeli na malipo ya kiongozi ni pamoja. Kagua breki, mnyororo na upepo wa magurudumu kabla ya kuondoka. Hakikisha kiongozi ana pampu na viraka, maana miiba ya njiani haina huruma. Watoto wadogo wasiachiwe kuendesha peke yao kwenye Barabara ya Lamu.

Bebeni maji ya kutosha, kofia, na nguo za heshima, hasa ikiwa wenye miguu yenye nguvu watataka kuendelea hadi Mambrui, mji mkongwe wa Kiislamu ambako mwaka 2010 wachimbuzi wa kale walipata sarafu ya Kichina ya enzi za Ming. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na mkipita kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi au kijana wa madafu, nunueni. Fedha za wageni wa Malindi mara nyingi huishia hotelini. Kwa baiskeli, hufika hadi kijijini.

Wahenga walinena kuwa mtembea bure si mkaa bure. Mzazi atakayewapeleka wanawe Sabaki atawarudisha na vumbi miguuni na maumivu mapajani. Lakini siku watakaposimama tena kwenye daraja la mto Nairobi, huenda yule mdogo akawa wa kwanza kumwambia mwenziwe asitupe chupa humo, kwa kuwa ameona kwa macho yake inakokwenda.