Umetuma Pesa, Nyumba Imesimama: Sasa Nani Anashika Funguo?

Mara nyingi hapa tunaongea kuhusu kutuma pesa: utume lini, makato ni kiasi gani, ubakize ngapi mkononi. Leo tuzungumzie kinachofuata baada ya pesa kufika. Pesa ikishafika inageuka kuwa mlango, bati, friji, mzigo wa duka. Vitu hivyo vinalindwa na kufuli. Tatizo ni kwamba wewe uko Omani, na kufuli liko kule nyumbani.

Wasomaji wetu wa Qantab ndio waliotusukuma kuandika mada hii. Kwa wasiopafahamu, Qantab ni kijiji cha wavuvi upande wa Maskati, kimekaa kwenye ghuba ndogo kikiwa kimezungukwa na milima ya mawe, jirani na Al Bustan na Bandar Jissah. Wapo akina dada wanaofanya kazi za ndani kwenye nyumba za huko, na wapo kaka zetu wanaoshuka na basi la kampuni kwenda saiti. Swali lao lina pande mbili: ninunue kufuli gani la chumbani kwangu huku, na ninunue kitasa gani cha nyumba ninayojenga kule?

Jibu letu kwa kifupi: kabla ya kuuliza aina ya kufuli, uliza mlango wenyewe una nguvu gani, na uliza nani ana ufunguo. Hapo ndipo mali za watu wengi zinapopotelea.

Tupige hesabu kidogo

Tuseme umetuma riali 60 kila mwezi kwa miezi 30. Hiyo ni riali 1,800. Riali ya Omani inakwenda sambamba na dola kwa kiwango kilekile tangu 1986, riali moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo umetuma zaidi ya dola 4,600. Ni miaka miwili na nusu ya kuamka alfajiri.

Ushauri wetu: katika kila riali 100 za ujenzi, tenga riali 2 kwa ajili ya milango, vitasa na madirisha. Kwa hesabu yetu hiyo ni riali 36. Ukizitenga tangu mwanzo huzisikii. Ukingoja mpaka nyumba iishe, utakuta pesa imekwisha na fundi anakuwekea kitasa chochote alichokiona dukani.

Mwizi anatafuta pale palipo dhaifu

Watu wengi hununua kufuli kubwa wakalitundika kwenye kipande cha bati kilichoshikwa na skrubu nne fupi. Mwizi hana haja ya kuligusa kufuli. Anaingiza bisibisi au nondo, anang'oa kile kipande, na kufuli linabaki zima likining'inia. Kwa hiyo mwelekeze fundi kwa mpangilio huu:

Kwanza, fremu ya mlango. Iwe ya mbao ngumu au chuma, na ishikwe barabara kwenye ukuta. Kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa kifungwe kwa skrubu ndefu. Skrubu fupi zinashika ubao wa juu tu, na teke moja linatosha kuzitoa.

Pili, bawaba. Mlango ukifungukia nje, bawaba zinabaki nje pia, na mtu anaweza kugonga pini zikatoka. Mwambie fundi wa kuchomelea azizibe pini hizo, au aweke bawaba ambazo pini zake hazitoki.

Tatu, kile kipande cha chuma kinachopitishwa kufuli. Kifungwe kwa bolti zinazotokea upande wa ndani na kukazwa nati. Mlango ukiwa umefungwa, mtu aliye nje asione hata skrubu moja.

Nne, madirisha na paa. Nondo za dirisha ziingie ndani ya ukuta wakati wa kujenga. Zikichomekwa baadaye juu ya plasta, zinatoka na plasta yake. Chumba cha stoo kisicho na dari kina mlango mwingine juu: bati moja likifunguliwa, kitasa hakina kazi tena.

Tano, sasa ndiyo kufuli na kitasa.

Kuchagua kufuli bila kudanganywa na ukubwa

Vitasa vingi tunavyotumia leo vina silinda yenye vipini vidogo ndani. Ufunguo sahihi unavisukuma vipini vyote vikae kwenye mstari mmoja, ndipo silinda inazunguka. Mfumo huu ulistawishwa na Mmarekani Linus Yale Mdogo miaka ya 1860. Silinda yenye vipini 5 au 6 ni afadhali kuliko yenye 3 au 4. Muulize muuza duka. Kama hajui, hesabu mabonde kwenye meno ya ufunguo, utapata picha.

Angalia pia pakiti. Makufuli yaliyopimwa kwa viwango vya Ulaya, EN 12320, hupewa daraja kuanzia 1 hadi 6, na 6 ndilo imara zaidi. Kwa vitasa vya milango vya Kimarekani ni kinyume: Grade 1 ndiyo ya juu na Grade 3 ni ya chini. Usichanganye. Kama pakiti haina alama yoyote, tazama ule upinde wa chuma wa kufuli: uwe mnene, na likifungwa usibaki na nafasi kubwa ya kupitisha mkasi wa kukatia nondo.

Kwa kitasa cha mlango wa mbele, angalia silinda inavyokaa. Isitokeze nje ya bamba la kitasa zaidi ya milimita 3 hivi. Silinda inayotokeza sana inashikwa kwa koleo na kuvunjwa katikati, pale panapopita skrubu yake. Ni kazi ya muda mfupi mno.

Na kwa sisi wa pwani, kuanzia Qantab hadi Tanga, Mombasa na Pemba, kuna adui mwingine: chumvi ya bahari. Kufuli la chuma cha kawaida linashika kutu, ufunguo unakatikia ndani, na mama mzee analazimika kuita mtu avunje mlango. Nunua lenye mwili wa shaba na upinde wa chuma kisichoshika kutu. Usilitie mafuta ya kula, maana yananasa vumbi na kuganda. Unga mweusi wa penseli ukiusugua kwenye ufunguo kisha ukauingiza na kuutoa mara kadhaa unasaidia sana.

Lakini tusijidanganye. Mwaka 1851 kulikuwa na maonyesho makubwa London, na fundi wa Kimarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli la Bramah lililosifiwa kwa miaka mingi kwamba halifunguki. Alilishughulikia kwa saa 51, kwa siku 16. Alilifungua. Kila kufuli linafunguka. Tunacholipia ni muda. Muda huo una faida pale tu jirani anaposikia, taa inapowaka nje, au mbwa anapobweka. Ukiwa mbali, jirani mwema ni sehemu ya kufuli lako. Usimsahau unapotuma zawadi ya sikukuu.

Kikulacho ki nguoni mwako

Dada mmoja msomaji wetu alitueleza kilichompata. Nyumba yake ilikwisha, akanunua televisheni na jiko la gesi, vikakaa vikimsubiri likizo. Siku moja ndugu yake akafungua mlango, ndani patupu. Kitasa kizima, dirisha zima, bati zima. Walipoanza kuhesabu wakakumbuka: fundi mkuu alikuwa na ufunguo, fundi umeme naye alipewa, mpaka rangi akaachiwa, shangazi alikuwa nao, na mpangaji wa chumba cha uani aliwahi kuazimwa. Mwizi alipita mlangoni kama mwenye nyumba. Mpaka leo dada huyo hajui amlaumu nani, na ndugu hawaongei. Televisheni utanunua nyingine. Undugu huo utaurudishaje?

Kwa hiyo, ndugu zangu, fanyeni hivi:

Wakati wa ujenzi tumia kufuli la muda. Mafundi wote watumie hilohilo. Kitasa cha kudumu kiwekwe siku ya mwisho, mafundi wakishalipwa na kuondoka. Kama kitasa kimeshawekwa, badilisha silinda peke yake. Ni rahisi kuliko kitasa kizima.

Pakiti ya kitasa kipya ifunguliwe ukiwa unaona kwa simu ya video. Hesabu funguo zote. Andika kwenye daftari: funguo ngapi, nani kapewa, tarehe ngapi. Soma majina hayo mbele ya familia yote, kwa heshima, bila kumnyooshea mtu kidole. Mwambie mama au kaka: "Ninaandika ili likitokea jambo, wewe usisingiziwe." Daftari linamlinda mwaminifu kuliko linavyomlinda mwenye mali.

Gawa funguo. Anayeshika ufunguo wa geti si lazima ashike wa stoo. Ufunguo mmoja wa akiba ubaki kwa mtu asiyeishi hapo.

Usipige picha ya ufunguo. Tunaona watu wanakabidhiwa nyumba, wanaweka funguo kwenye status ya WhatsApp wakimshukuru Mungu. Shukrani ni njema, lakini mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba ufunguo unaweza kuchongwa kutokana na picha yake tu, hata picha iliyopigwa kutoka mbali kama mita 60. Piga picha ya mlango, funguo ziache mfukoni.

Kama umefungua duka

Kanuni ni zilezile, pamoja na mambo matatu. Pesa ya mauzo isilale dukani, na droo ya pesa iachwe wazi ikiwa tupu ili mtu asivunje bure. Simu ya uwakala wa pesa isilale dukani pia, na namba ya siri ijulikane na mtu mmoja, kwa sababu namba ya siri nayo ni ufunguo. Na muuzaji akiacha kazi, hata kama mmeachana vizuri, badilisha kufuli siku hiyohiyo.

Chumbani kwako huku

Kwa dada wa kazi za ndani: usibadilishe kitasa cha chumba bila ruhusa, italeta maneno. Muombe madamu kabati au droo yenye ufunguo, au tumia sanduku lako lenye kufuli. Muulize kwa upole, siku ambayo nyumba imetulia. Pasipoti yako ni yako. Sheria ya Kazi ya Omani ya mwaka 2023 inamkataza mwajiri kuishika bila ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi; wafanyakazi wa majumbani wana kanuni zao pembeni, kwa hiyo ulizia ubalozini zinasemaje. Vyovyote iwavyo, weka picha ya pasipoti na mkataba kwenye simu, na nakala kwa mtu unayemwamini.

Kwa kaka wa kambini: kabati la chumba cha watu wengi ni la nguo. Kufuli la riali 2 lisilinde riali 300. Mshahara ubaki benki au uende nyumbani. Ukinunua kufuli la namba, badilisha ile 000 ya kiwandani, wala usitumie mwaka uliozaliwa.

Kufuli lisije likaua

Tarehe 12 Juni 2024, jengo la wafanyakazi liliungua Mangaf, Kuwait. Walikufa watu takriban 50, wengi wao Wahindi, na wengi kwa moshi. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa mlango wa kwenda juu ya paa ulikuwa umefungwa. Walikuwa wageni kama sisi, waliokuwa wakituma pesa kwao kama sisi.

Mtu asifungiwe kwa kufuli la nje akiwa amelala ndani, iwe kambini, iwe nyumba ya madamu, iwe kwako Tanga. Kitasa cha ndani kifunguke bila kutafuta ufunguo, au ufunguo utundikwe karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto anapajua na mtu wa nje hapafikii. Dirisha moja lenye nondo liwe na sehemu inayofunguka kutoka ndani. Huku Omani, namba ya dharura ni 9999. Iweke kwenye simu sasa hivi.

Ijumaa hii

Usikimbilie Ruwi au Wadi Kabir kununua kufuli. Anza na simu. Piga nyumbani, uliza swali moja: "Funguo za nyumba ziko ngapi, na ziko kwa nani?" Kama jibu linakuja haraka na majina yake, uko salama kiasi. Kama kila mtu anaanza kumuuliza mwenzake, basi silinda mpya ndiyo pesa ya kwanza utakayotuma mwezi huu.