Joto la Chipuseti katika Kompyuta Kuukuu Iliyoongezwa Kasi

Mtu anayeilazimisha kompyuta ya zamani kwenda kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani, kazi ambayo wapenzi wa kompyuta huiita ovakloki, kwa kawaida huielekezea prosesa uangalizi wake wote: huinunulia feni kubwa, hufuatilia halijoto yake kwenye skrini, na ikibaki chini ya nyuzi 60 huamini kwamba ameshaikwepa hatari. Katika kompyuta zilizoundwa kabla ya mwaka 2009 hivi, imani hiyo haina msingi wa kutosha, kwa sababu mashine inayoganda ghafla, inayojizima au inayoharibu mafaili huenda haina tatizo lolote la prosesa, bali imeelemewa na chipuseti iliyo sentimita chache kando yake, chini ya kipande kidogo cha alumini kisicho na feni. Joto la sehemu hiyo hupungua kwa gharama ndogo, mradi kwanza ieleweke linatoka wapi na linaondoka kwa njia gani.

Chipuseti ni chipu zilizobandikwa kwenye ubao mama, yaani ule ubao mkubwa wa saketi ambao mafundi wengi huuita mazabodi, ili kuziwezesha sehemu nyingine za kompyuta kuwasiliana. Katika mashine za Intel za kizazi cha Core 2 zilikuwa mbili: daraja la kaskazini, lililopokea maombi ya prosesa na kuyafikisha kwenye kumbukumbu ya RAM na kwenye kadi ya michoro, na daraja la kusini, lililoshughulikia diski, sauti na milango ya USB. Kwa kuwa kila data iliyotoka kwenye RAM kwenda kwa prosesa ilipita katika daraja la kaskazini, chipu hiyo haikuwa na nafasi ya kupumzika wakati prosesa inafanya kazi nzito, na ndiyo hasa inayochemka kasi inapoongezwa.

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri ni prosesa ya Core 2 Quad Q6600, iliyotolewa Januari 2007, ikiwekwa juu ya ubao wenye chipuseti ya P35 ya mwaka huohuo. Kasi yake ya gigahezi 2.4 hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya njia kuu ya data inayoiunganisha prosesa na daraja la kaskazini, ambayo ni megahezi 266, na kizidishi cha 9 kilichofungwa ndani ya prosesa kisiweze kupandishwa. Njia pekee ya kuiongezea kasi ni kupandisha mapigo ya ile njia kuu: yakifika megahezi 333 prosesa hufika gigahezi 3.0, na yakifika 400 hufika 3.6. Hata hivyo, njia hiyo ina ncha mbili, na kwenye ncha ya pili limekaa daraja la kaskazini, ambalo hulazimika kukimbia pamoja na prosesa ingawa mwenye kompyuta hakulikusudia.

Ongezeko la joto hapa hufuata kanuni inayojulikana ya umeme: nguvu inayotumiwa na transista zinazowaka na kuzimika hukua sambamba na idadi ya mapigo, lakini hukua kwa mraba wa volti. Chipuseti ya P35 imepangiwa volti 1.25. Mapigo yakipandishwa kutoka 266 hadi 400 bila kugusa volti, sehemu hiyo ya nguvu huongezeka kwa nusu. Volti nazo zikipandishwa hadi 1.45, hufika maradufu. Kwa maneno mengine, nyongeza ya volti inayoonekana ndogo sana kwenye skrini huongeza nguvu hiyo kwa zaidi ya theluthi peke yake, na hitisinki iliyotoka kiwandani, yaani kile kipande cha chuma chenye mapezi kinachoiondolea chipu joto, haikutengenezwa kwa ajili ya mzigo wa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza yenye manufaa haihitaji kununua chochote. Programu ya BIOS, ambayo ndiyo huiamsha kompyuta na kuhifadhi mipangilio yake ya msingi, huwa imeachiwa ijichagulie volti za chipuseti, na mbao nyingi za enzi hizo zikiona mapigo yamepanda hujiongezea volti kupita mahitaji, kwa kuwa mtengenezaji alipendelea mashine iwake bila malalamiko kuliko iwe baridi. Mwenye kompyuta anapaswa kuiondolea BIOS uhuru huo, aandike mwenyewe kiwango cha kawaida, kisha apandishe kidogo kidogo pale tu ambapo majaribio yameshindikana. Idadi ya vipande vya RAM nayo ina uzito, kwa sababu kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya daraja la kaskazini: vipande vinne hukielemea kuliko viwili, na mara nyingi hudai volti zaidi ili mashine itulie. Mwenye vipande vinne vya gigabaiti moja akivibadilisha kwa viwili vya gigabaiti mbili hubaki na kumbukumbu ileile, huku akiipunguzia chipuseti kazi.

Baada ya volti huja suala la hewa, nalo lina kinaya kinachowaponyoka wengi. Feni ya mviringo iliyouzwa pamoja na prosesa za Intel, ambayo waongeza kasi huidharau na kuitupa mapema, hupuliza hewa kuelekea chini, na hewa hiyo ikigonga ubao hutawanyika pande zote na kupita juu ya daraja la kaskazini pamoja na saketi zinazodhibiti volti. Pindi inapowekwa feni ya mnara, ambayo husukuma hewa sambamba na ubao kuelekea nyuma ya kasha, prosesa hupoa kweli, lakini upepo uliokuwa ukiihudumia chipuseti hukoma siku hiyohiyo. Mfumo wa kupoza kwa maji nao huuondoa upepo huo kabisa. Chipuseti hubaki katika hewa iliyosimama, kati ya prosesa iliyo juu yake na kadi ya michoro iliyo chini yake, na hii ya mwisho huwa na joto lake yenyewe. Feni moja ya milimita 80 au 120 inayozunguka polepole, ikifungwa kwa kamba za plastiki ili ielekee eneo hilo, hurudisha kilichopotea, na manufaa yake huzifikia pia kapasita za jirani, ambazo kwa kanuni wanayoitumia wahandisi umri wake huongezeka takribani maradufu kila halijoto yake inapopungua kwa nyuzi 10. Feni ndogo za milimita 40 zinazokaa juu ya hitisinki hazistahili sifa zinazopewa: ili zisukume hewa ya kutosha hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa yenye kelele, bearingi zake huchakaa mapema, na zikikwama hugeuka kifuniko kinachozuia hata hewa iliyokuwa ikipita yenyewe.

Katika kompyuta yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kizuizi kikubwa huwa mahali pasipoonekana, kati ya chipu na hitisinki. Nyuso hizo mbili hata zikiwa laini kwa macho zina mabonde madogo yaliyojaa hewa, na hewa ni kipitisha joto duni mno. Pesti ya joto, ambayo ni ujiuji mzito unaopakwa katikati, hujaza mabonde hayo na kupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko hewa. Miaka inapopita ujiuji huo hukauka na kupasuka, na vibanio vya plastiki vyenye springi vinavyoikandamiza hitisinki hulegea. Dawa yake ni kuutoa ubao ndani ya kasha, kubana ncha za vibanio kutoka upande wa nyuma, kuizungusha hitisinki taratibu hadi iachie badala ya kuing’oa kwa nguvu, kusafisha nyuso zote mbili kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha kupaka pesti mpya kiasi kidogo. Uangalifu unahitajika hapa kuliko mahali pengine popote, kwa maana chipu ya daraja la kaskazini huwa na silikoni iliyo wazi bila kifuniko cha chuma, na hitisinki ikikandamizwa upande mmoja silikoni hiyo inaweza kumeguka pembe na ubao mzima ukawa umekufa.

Hali ya hewa haiwezi kuachwa nje ya hesabu. Hitisinki haiwezi kuipoza chipu chini ya halijoto ya hewa inayoizunguka. Inachofanya ni kupunguza tofauti kati ya viwili hivyo, hivyo ovakloki iliyotulia katika chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya itakuwa na joto la ziada la nyuzi 12 hivi katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 32, hata kama kila kifaa ni kilekile. Vumbi lililojikusanya katika mapezi huzidisha hali hiyo, na anayelipuliza kwa blowa anapaswa kuzishika feni zisizunguke. Isitoshe, kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa Afrika Mashariki zilikuwa za maofisini, na BIOS zake kwa kawaida hazimruhusu mtumiaji kubadili mapigo wala volti. Kwa mashine hizo kusafisha na kupaka pesti mpya ndiko kunakobaki, nako kunatosha kuzirefushia maisha.

Upimaji nao una mitego. Mbao nyingi hazina kihisio ndani ya daraja la kaskazini, na namba ambayo programu huiita halijoto ya mfumo inaweza kuwa inatoka kona nyingine kabisa ya ubao. Kipimajoto cha miale ya infraredi kikielekezwa kwenye chuma kinachong’aa husoma chini ya ukweli, kwa hiyo inafaa kubandika kipande cha utepe mweusi kwanza na kuusoma huo. Kisha programu ya Memtest86+ iachwe ikague kumbukumbu usiku kucha, na Prime95 iitumikishe prosesa pamoja na RAM kwa saa kadhaa wakati wa mchana wenye joto kali, kwa sababu mashine iliyojaribiwa alfajiri pekee bado haijajaribiwa. Makosa yakitokea baada ya dakika 40 na yakatoweka feni inapoelekezwa kwenye chipuseti, chanzo kimeshajulikana. Yakiendelea hata hitisinki ikiwa ya vuguvugu tu, joto halina lawama, na Q6600 irudishwe kutoka mapigo 400 hadi 333, ambapo gigahezi zake 3.0 kwa kawaida huhitaji volti zilezile za kiwandani katika daraja la kaskazini.