ALAMA ZA CHUKI, NA SABABU YA SHERIA KUZIKATAZA

Macho hayana pazia, walisema wazee. Mtu akitukanwa kwa mdomo aweza kuziba masikio au kwenda zake. Lakini tusi likiandikwa ukutani, au likitundikwa mlingotini, hulikuta kila apitapo, asubuhi akienda sokoni na jioni akirudi, wala mwenye kuliandika hayupo pale apate kuulizwa. Kwa sababu hiyo nchi kadha wa kadha zimetunga sheria za kukataza alama za chuki zisionyeshwe hadharani. Jambo hili lataka maelezo, maana wengi hudhani kwamba sheria hukataza michoro. Sivyo. Mchoro peke yake hauna kosa.

Na tuanze na alama iliyo mashuhuri kuliko zote. Mtu apitaye Mji Mkongwe wakati wa Diwali aweza kuona penye kizingiti cha nyumba ya Baniani, yaani Mhindi wa dini ya Kihindu, msalaba wenye mikono minne iliyopindwa. Jina lake ni swastika, na neno hilo latoka katika lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni heri na ustawi. Huchorwa mlangoni ili baraka iingie nyumbani, na desturi hiyo ni ya zamani sana. Hata mwaka 1920 chama cha Wanazi katika Ujerumani kikaitwaa alama hiyo na kuitia katika bendera yake. Na baada ya chama hicho kushika serikali mwaka 1933, Wayahudi wapata milioni 6 waliuawa mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Basi alama ile ile, kwa huyu ni dua, na kwa yule ni habari ya kufa kwa babu zake.

Wajerumani wenyewe waliikataza. Katika sheria yao ya jinai, kifungu cha 86a, mtu aonyeshaye hadharani alama za vyama vilivyopigwa marufuku, swastika ya Wanazi ikiwa mojawapo, aweza kufungwa mpaka miaka 3 au kutozwa faini. Lakini sheria hiyo haimgusi mwalimu afundishaye historia, wala mwenye kutoa habari, wala mtaalamu katika kazi yake. Hata hivyo palizuka shauri la ajabu. Mfanya biashara mmoja alikuwa akiuza beji na fulana zenye swastika iliyopigwa mstari, na nyingine zikionyesha mtu akiitupa katika pipa la taka. Mwaka 2006 mahakama ya Stuttgart ikamtoza faini ya euro 3,600, ikisema alama ni alama. Mwaka 2007 mahakama kuu kuliko zote katika mambo ya jinai ikaitengua hukumu hiyo: kila mwenye macho aona kwamba mtu huyu aipinga alama, haitukuzi. Twaona kwamba mahakama ya pili ilisema kweli, na tena kwamba yule hakimu wa kwanza hakuwa mpumbavu. Alifanya kile ambacho sheria huvuta watu wafanye, yaani kutazama chombo wakasahau mkono ulioshika.

Huko Afrika ya Kusini shauri lilikuwa la bendera. Bendera ya zamani ya nchi hiyo, iliyopandishwa tangu 1928 mpaka 1994, ndiyo iliyokuwa ikipepea juu ya serikali ya ubaguzi wa rangi. Mwezi wa Oktoba 2017 watu wengine waliionyesha katika maandamano ya kulalamikia mauaji ya wakulima, na Taasisi ya Nelson Mandela ikapeleka shauri mahakamani. Tarehe 21 Agosti 2019 Jaji Phineas Mojapelo alitoa hukumu kwamba kuionyesha pasipo sababu ya maana ni maneno ya chuki, ingawa hakuna neno lililotamkwa. Alibakiza nafasi kwa sanaa, elimu na habari za magazeti. Mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2023.

Msomaji atasema, hayo ni ya mbali. Basi na turudi kwetu Afrika ya Mashariki. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kifungu cha 129, mtu atendaye kosa si yule asemaye neno la kuumiza dini ya mwenziwe tu. Ni pamoja na mwenye kutoa sauti, au kufanya ishara, au kuweka kitu mbele ya macho ya mwenziwe kwa nia hiyo hiyo. Maneno hayo yalitoka katika sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1860, ambayo zamani ilitumika hata Unguja katika mahakama ya Waingereza. Wenzetu wa Kenya, baada ya fitina ya uchaguzi wa Desemba 2007 iliyoua watu zaidi ya 1,000, walitunga sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa taifa. Kifungu chake cha 13 chamkamata hata mwenye kuonyesha maandishi ya vitisho au matusi, akikusudia kuchochea chuki za kikabila, au ikiwa kwa hali ilivyo chuki hiyo yaelekea kuchochewa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Na hapa Unguja? Sisi hatukuwa na swastika ya Wanazi, bali tulikuwa na maneno. Neno Hizbu, kwa Kiarabu, ni chama tu. Ndilo lililokuwa jina la watu wa Hizbu l-Watan, chama cha siasa cha kabla ya Mapinduzi. Neno chotara lataja mtu ambaye wazazi wake ni wa mataifa mawili, na katika kisiwa hiki sijui, au tuseme hatujui, ni nyumba ngapi zisizo na mtu wa namna hiyo. Lakini maneno haya yalipita katika damu. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68, wengi wao Waarabu. Na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 walikufa wengi zaidi sana. Tangu hapo neno Hizbu likiandikwa ubaoni halina maana ya chama tena. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mbao za maskani zikaanza kuandikwa kejeli za siasa, na nyingine zikavuka mpaka wa kejeli.

Tarehe 12 Januari 2016, katika sherehe ya kutimia miaka 52 ya Mapinduzi, uchaguzi wa Oktoba 2015 ukiwa umekwisha futwa na watu wamekaa kwa wasiwasi, lilionekana bango lililowataja machotara na Hizbu, na kusema Zanzibar ni nchi ya Waafrika. Halikuwa na picha ya panga wala ya bunduki. Lakini mzee aliyeyaona ya 1964 hakuhitaji picha. Watu walilalamika, na Chama cha Mapinduzi kikalilaani bango lile na kuomba radhi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Sheria ikiwa legevu mno, bango la namna hiyo litapita. Ikiwa kali bila mipaka, mwenye nguvu ataitumia kumkamata kila ampingaye, akiita bendera yake alama ya chuki. Hata kanga zetu hazingepona: ni wanawake wangapi wa Unguja wamevaa jina la kanga kwa ajili ya jirani fulani tu, na jirani akalisoma, naye kesho akajibu kwa kanga yake? Hiyo ni mishale, si chuki ya taifa kwa taifa, na serikali isiingie humo.

Sheha akiletewa habari ya maandishi mabaya ukutani, asikimbilie kuyafuta. Kwanza yapigwe picha, iandikwe siku na mahali, na nani anayekaa mbele ya ukuta huo. Kisha habari zipelekwe polisi, na ndipo ukuta upakwe chokaa. Wala asitaje majina ya vijana kwa kusikia barazani. Na mwalimu achoraye swastika ubaoni ili awaeleze watoto habari za vita vya 1939 hata 1945 hana kosa katika sheria yo yote tuliyoitaja. Ila aifute kabla darasa la pili halijaingia, maana hao hawakuyasikia maelezo.