Dakika za Ziada Zianze Darasa la 1



Tunapotembelea shule, mara nyingi tunaambiwa, "Huyu mtoto ni mzito." Katika toleo hili tunapenda kueleza kwa nini neno hilo lisiwe mwisho wa habari, na ni msaada gani unaomfaa mwanafunzi anayebaki nyuma.

Muda wa ziada ni nini?

Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea muda watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hivyo, mtihani wa Hisabati wa saa 2 kwao huwa wa saa 2 na dakika 40. Huu si upendeleo. Anayesoma nukta nundu kwa vidole huenda taratibu kuliko anayesoma kwa macho, na hesabu yenye hatua nyingi humlazimu kurudia namba mara kwa mara. Muda huo unasaidia apimwe maarifa yake, si kasi ya vidole vyake.

Tatizo huanza mapema

Hata hivyo, muda huo humfaa mtoto ambaye tatizo lake limekwisha kujulikana shuleni. Wengi hawajulikani. Asiyeona ubao vizuri hunakili kwa jirani. Jirani akikosea, naye hukosa. Asiyesikia vizuri huitwa mkaidi. Watoto wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu, huketishwa karibu na dirisha, mahali ambapo mwanga mkali huwaumiza macho. Mtoto wa namna hii akifika darasa la 7 bila kujua kusoma, dakika 40 haziwezi kumrudishia miaka aliyopoteza.

Nasi tumejifunza hili kwa kukosea. Awali tulielekeza fedha za mradi kwenye masomo ya ziada ya darasa la 7. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Asiyejua kusoma alikaa jioni bila kuelewa, kama alivyokaa asubuhi.

Kinachosaidia

(i) Kuwapima watoto macho na masikio mara wanapoandikishwa.

(ii) Kuwafundisha kwa kiwango walichofikia. Anayeshindwa silabi afundishwe silabi, hata kama yuko darasa la 4, kwa muda maalumu kila siku.

(iii) Mwalimu kusoma kwa sauti anachoandika ubaoni, na kumtazama mtoto anapozungumza naye.

(iv) Kumpa maswali 5 badala ya 10, na mengine kumwuliza kwa mdomo.

Mengi kati ya haya hayahitaji fedha. Michango yenu inahitajika kwa miwani, nauli ya kwenda kliniki ya macho, karatasi za nukta nundu na posho ya mwalimu anayebaki jioni.

Kazi ya kamati

Kanisa letu lina shule ya wasioona kule Irente, Lushoto, lakini watoto wengi tunaowazungumzia wako katika shule za kawaida jirani na sharika zetu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kusoma humo pamoja na wenzao. Tunaomba kila kamati ikutane na Mwalimu Mkuu na kuuliza mambo matatu: Ni wanafunzi wangapi wa darasa la 3 hadi la 5 hawajui kusoma? Wangapi wamepimwa macho na masikio? Je, watahiniwa wenye mahitaji maalumu wamesajiliwa hivyo?

Majibu mtuletee kupitia ofisi ya usharika.  Nanyi wafadhili wetu, mkisoma taarifa zetu, msiishie kuuliza wangapi wamefaulu; tuulizeni pia nani amebaki nyuma, na tumemfanyia nini.